Lita Tatu

Kwenye kifuniko cha injini, chini ya masizi,
nilisugua kwa mate na ncha ya kanga
hadi maandishi yakajitokeza: sifuri, dabliu, ishirini.
Fundi Chilindima hakuinama kuyatazama.
"Hayo ya Japani," akasema, "hapa Newala.
Gari limechoka hili, Somoe. Litie nzito, ile hamsini,
inyamazishe kelele."

Inyamazishe.

Mama yangu alibangua korosho miaka kumi na tisa.
Mafuta ya ganda yalimla vidole,
hata siku ya kuandikishwa kitambulisho
mashine ikamkataa mara nne:
hana alama, wakasema, huyu hana alama.
Basi mtu asije kuniambia mimi
kuwa mafuta ni mafuta.

Nina elfu sitini na tano,
masalio ya mnada wa pili
baada ya ada ya Shamte na deni la salfa.
Nimezikunja ndogo, ndogo kabisa,
kana kwamba zikikunjwa zitaongezeka.

Duka la kwanza, pale stendi:
galoni lina picha ya gari la mashindano,
laki na arobaini. Nikalishika tu, nikalirudisha
taratibu, kama mtoto wa watu.

Duka la pili: galoni lile lile, picha ile ile,
elfu sabini, "kwa ajili yako dada, sitini na tano."
Alijuaje?
Nikaligeuza. Tarehe imekwanguliwa kwa wembe,
utepe wa mfuniko umeungwa kwa moto wa mshumaa,
masizi yake bado yananuka.
Kangomba ya oili, nikawaza:
unapewa bakuli, unauza msimu mzima.
Nikamuaga vizuri. Ana watoto naye.

Usiku nilisoma kitabu cha gari kwa tochi ya simu,
picha nasoma, maneno nakisia.
Injini ya pistoni tatu. Na kwenye mchoro wa chupa:
lita tatu kasoro kidogo.
Nikacheka peke yangu.
Miaka miwili nanunua galoni la lita nne,
na ile ya nne inaishia kwa Chilindima
kwenye mnyororo wa pikipiki yake.

Duka la tatu ni la pembejeo, kwa Nanguka,
kila kitu kina vumbi la njano.
Nyuma ya mifuko ya salfa, chupa za lita moja moja,
jina sijawahi kulisikia redioni,
hazina picha, hazina mbwembwe.
Lakini namba ndiyo yenyewe.
Alama ya duara ipo, na herufi zake mbili.
Namba ya mfuniko na ya kitako zinasalimiana.
"Hizi hazitoki," Nanguka akasema, "watu wanaziona maji."
Kumi na tisa kwa moja. Tatu, hamsini na saba.
Chujio, elfu nane.
Nikakunjua, nikahesabu, nikabaki na kiganja.

Chilindima aliimimina huku amekunja uso.
"Nyepesi hii, kama chai ya msiba."
Nikamwambia: uji mzito, fundi,
haupiti kwenye mpira wa mgonjwa.
Hakujibu. Oili chakavu akaiomba,
akapake nguzo za banda, mchwa wamemzidi.
Nikampa. Nyeusi ile, nzito, ilitoka kwa kusitasita
kama shahidi wa uongo.

Alfajiri ya leo ukungu umekaa juu ya mji,
mkono siuoni, baridi ya uwanda inauma masikio.
Walimu wanne wa Kitangari wananisubiri
na madaftari yao kwapani.
Siku nyingine gari hukohoa kwanza,
linagonga gonga, chuma juu ya chuma,
ndipo oili ifike, inajikokota.
Nimezungusha ufunguo.

Kelele moja bado ipo, upande wa kushoto.
Ndogo. Naisikia.
Afadhali niisikie.